SMS inakataa kwenda: historia fupi ya ujumbe wa simu, na namna ya kusaidia simu iliyoflashiwa

Simu inawaka vizuri. Mtandao unaonekana, mwenye simu anapiga na kupokea, hata WhatsApp inafunguka. Lakini ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa SMS, unakataa kwenda, ama hauingii kabisa. Tatizo hili linajulikana sana kwenye simu zilizoflashiwa, yaani zile ambazo programu yake ya kiwandani iliondolewa na kuwekwa nyingine iliyotengenezwa na watu wengine.

Kwa familia iliyokimbia vita, hilo si jambo dogo. Pesa ikitumwa na ndugu aliye Lubumbashi ama Kinshasa, habari yake inaingia kwa SMS. Mtoto aliyepotea njiani akipatikana, mara nyingi neno la kwanza linakuja kwa SMS, kwa sababu si kila mtu ana mega za intaneti. Ili kujua ni wapi ujumbe unakwama, inafaa kwanza kujua ulizaliwa vipi na unapita njia gani.

Historia hiyo inaanzia Ulaya. Katika mwaka 1985, mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikuwa mmoja wa waliopanga namna simu za mkononi zingeweza kutuma maandishi. Walitumia njia ndogo ambayo tayari ilikuwepo, ile ambayo simu inatumia kusalimiana na mnara hata kama hakuna anayeongea. Njia hiyo ni nyembamba, ndiyo maana ujumbe mmoja ulipewa nafasi ya herufi 160 tu. Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, kijana Neil Papworth alituma SMS ya kwanza kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Ilikuwa salamu ya Krismasi.

Tangu siku hizo, utaratibu haukubadilika sana. SMS haitoki kwenye simu moja na kuingia moja kwa moja kwenye nyingine. Inapita kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kituo kinaupokea, kinautunza, na kama simu ya mpokeaji imezimwa, kinangoja na kujaribu tena. Kituo hicho kina namba yake, na namba hiyo imeandikwa ndani ya kadi ya SIM. Simu isipoipata, haijui barua iipeleke posta gani.

Hapa Congo, SMS ilienea katika miaka ya 2000, wakati makampuni ya simu yalipofika mijini na baadaye vijijini. Mwaka 2012 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, na ujumbe mfupi ukawa pia risiti ya pesa. Lakini wakaaji wanakumbuka vilevile kwamba si kila ukimya unatoka kwenye simu. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali iliamuru SMS zifungwe nchi nzima, na viziwi walilalamika kwamba wamenyang'anywa njia yao ya kuwasiliana. Zilifungwa tena Januari 2015 wakati wa maandamano, na baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, majirani wenye laini ya kampuni ileile wanatuma na kupokea? Kama nao wamekwama, hakuna sababu ya kupeleka simu kwa fundi.

Kama ni simu moja tu inayosumbua, basi historia ya pili inaingia, ile ya kuflashi. Mwaka 2008 simu ya kwanza ya Android iliuzwa. Google iliacha sehemu kubwa ya programu hiyo wazi, mtu yeyote aisome na kuibadilisha. Mwaka 2009, Mmarekani Steve Kondik alianzisha CyanogenMod, programu iliyowapa uhai mpya watu wenye simu ambazo kiwanda kilikuwa kimeziacha. CyanogenMod ilifungwa mwishoni mwa 2016, na wajitoleaji wakaiendeleza kwa jina la LineageOS. Ni kazi nzuri, inaokoa simu nyingi za mtumba.

Lakini kuna sehemu moja ambayo haikuwa wazi. Ndani ya kila simu kuna modemu, kifaa kinachoongea na mnara, na programu yake ni siri ya watengenezaji. Wajitoleaji wanalazimika kuunganisha programu yao mpya na modemu ambayo hawaioni ndani. Mahali pa kuungana hapo ndipo SMS inapokwama mara nyingi: namba ya kituo haisomwi kutoka kwenye SIM, ama modemu na programu mpya hazielewani.

Kutokana na hayo, kutafuta tatizo kunafuata mpango. Kwanza, kadi ya SIM iwekwe kwenye simu nyingine, hata ile ndogo ya batani. SMS ikienda huko, kadi ni nzima na tatizo liko kwenye simu iliyoflashiwa. Isipokwenda, itazamwe kwanza kama kuna unité, kisha namba ya kituo.

Pili, itazamwe ni upande gani umekufa. Simu ikipokea SMS lakini haitumi, na unité zipo, anayeshukiwa wa kwanza ni namba ya kituo, kwa sababu kupokea hakuihitaji. Namba sahihi inaulizwa kwa huduma ya wateja ya kampuni. Kwa Congo inaanza na +243. Simu nyingi za batani zina mahali pa kuiandika, kwenye mipangilio ya ujumbe. Ikiandikwa hapo inabaki kwenye kadi, na kadi inarudishwa kwenye simu kubwa. Kwenye simu nyingi za Android, kupiga *#*#4636#*#* kunafungua ukurasa wenye sehemu iliyoandikwa SMSC, ambapo namba hiyo inaweza kusomwa na kusahihishwa.

Tatu, simu ikituma lakini haipokei, itazamwe programu ya ujumbe. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, ni programu moja tu, ile iliyochaguliwa kuwa ya SMS, inayoruhusiwa kuhifadhi ujumbe unaoingia. Simu iliyoflashiwa inaweza kuwa na mbili ama tatu, na mwenyewe anafungua ile isiyochaguliwa. Itazamwe pia kama nafasi ya kuhifadhi imejaa, na kama namba ya ndugu haikufungiwa bila kujua.

Nne, kama ni ujumbe mrefu tu unaokwama, upunguzwe. Herufi kama « ê » na « ô » za Kifaransa, pamoja na vile vichwa vya kucheka, zinashusha nafasi kutoka herufi 160 hadi 70. Kiswahili cha kawaida hakina shida hiyo. Programu nyingine zinageuza ujumbe mrefu kuwa wa picha, na huo unahitaji intaneti.

Yote yakishindikana, ndipo simu iende kwa fundi, ili arudishe programu ya modemu inayofaa aina hiyo ya simu, ama programu ya kiwandani. Kabla ya hapo, mwenye simu apige *#06# na kuandika kwenye karatasi namba ya IMEI yenye tarakimu 15, kwa sababu kuflashi vibaya kunaweza kuifuta, na simu isiyo na IMEI inaweza kukosa mtandao kabisa. Kadi ya SIM itolewe na kubaki mkononi mwa mwenyewe. Fundi akitaka kujaribu, ajaribu mwenyewe akiwa hapo, na namba ya siri ya pesa asipewe mtu.

Jambo la mwisho linasahauliwa mara nyingi. Kwenye simu hizi, SMS za zamani haziko kwenye kadi, ziko ndani ya simu, na kuflashi kwa kawaida kunazifuta. Kwa mtu aliyekimbia, humo kunaweza kuwa na namba ya mtu aliyemhifadhi njiani, risiti za pesa, ama maneno ya mwisho ya mzazi aliyebaki kijijini. Vinakiliwe kwenye daftari kabla simu haijafunguliwa. Ujumbe uliofutwa kwenye simu, kampuni haiwezi kuurudisha.