Walioteremka Maporomoko ya Kisangani

Wasomaji wetu wengi hawajapata kuona theluji, isipokuwa wale wakaao karibu na Ruwenzori, ambao asubuhi isiyo na mawingu huuona mlima ule umevaa kilemba cheupe. Katika nchi za baridi wako watu wanaofunga miguuni mbao nyembamba ziitwazo ski, wakateremka milimani kwa mwendo wa upepo. Wengine, wakiisha kuizoea milima ya kwao, wametafuta miteremko mikali kupita yote duniani. Mwaka 1970 Mjapani Yuichiro Miura aliteremka hivyo katika mlima Everest, akianzia kimo cha karibu mita 8,000. Alianguka, akabiringika, akasimama karibu na ufa mkubwa wa barafu. Mwaka 2000 Davo Karničar wa Slovenia alianza kileleni kabisa, akafika kambi ya chini bila kuzivua mbao zake. Majina hayo mawili yamo vitabuni. Lakini katika safari ile ya 1970 wachukuzi sita wa kabila la Washerpa walikufa kwa kuangukiwa na barafu, na ni watu wachache wanaojua majina yao.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu sisi wa Kisangani tunao mteremko wetu, ingawa ni wa maji, wala si wa theluji. Nao pia una majina yaliyotajwa sana na majina yaliyosahauliwa. Basi yafaa tuitazame historia yake, tupate kujua ni nani hasa aliyeujua mteremko huu, na alijua nini.

Mto wetu watoka kusini ukiitwa Lualaba. Ukifika Ubundu, utulivu wake wakoma. Kutoka hapo hata Kisangani ni mwendo wa kilomita 100 hivi, na katika njia hiyo mna maporomoko saba yanayofuatana. Kwa jumla maji hushuka kama mita 60 tu. Mgeni akisikia hesabu hiyo aweza kucheka, maana ziko nchi ambamo kijito kidogo huanguka mita 60 kwa mara moja, na watu wakaenda kupiga picha. Lakini nguvu ya maporomoko haya si kimo chake. Ni wingi wa maji. Mto mkuu mzima hubanwa katikati ya miamba na visiwa, ukagawanyika, ukagongana tena na kujizungusha. Mtumbwi ukiingia mahali pasipofaa, mpiga kasia hana tena neno la kusema. Zamani wageni waliyaita Maporomoko ya Stanley, na mji wetu uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Sasa twayaita Boyoma, na lile la mwisho, lililo hapa mjini, twaliita la Wagenia.

Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874. Pamoja naye walikuwako vijana watatu wa Kiingereza, na mamia ya watu wa Unguja na pwani, Waungwana kama walivyojiita. Mashua yao, Lady Alice, iliweza kufunguliwa vipande vipande na kuchukuliwa mabegani. Mwaka 1876 walifanya mapatano na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, awasindikize kwa muda. Mwisho wa Desemba mwaka huo Tippu Tip alirudi. Watu wapatao 150 wakaushuka mto kwa mitumbwi, wasijue unakokwenda.

Mapema mwezi wa Januari 1877 wakasikia ngurumo ya poromoko la kwanza. Hapa yatupasa kusema kweli. Masimulizi mengi husema kwamba Stanley aliyateremka maporomoko saba, na msomaji hufikiri kwamba mitumbwi iliruka juu ya mapovu kama swala. Mambo hayakuwa hivyo. Penye maji mabaya watu walitoka mtoni. Walichukua mashoka, wakakata njia msituni, hata usiku kwa nuru ya mienge, wakatandaza matawi chini, kisha wakaivuta mitumbwi ile mizito juu yake mpaka maji yalipotulia tena. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya majuma matatu, na tarehe 28 Januari waliliacha nyuma poromoko la saba.

Tena walifanya kazi hiyo katikati ya vita. Wenyeji wa kando ya mto waliona kundi la wageni wenye bunduki likija kutoka upande ule ule waliotoka wateka watumwa. Walipiga ngoma, wakapigana, na wengi wakauawa kwa risasi katika nchi yao wenyewe. Atakayeisimulia safari hii kama mchezo wa mashujaa asiwasahau hao.

Katika mojawapo ya maporomoko hayo likatokea jambo ambalo, kwa maoni yetu, lapita mengine yote ya safari ile. Mtumbwi mmoja ulichukuliwa na mkondo, ukagonga jabali katikati ya maji yanayoanguka, ukapasuka. Mtu mmoja, Zaidi, akabaki ameshikamana na jabali lile. Mbele yake palikuwa na poromoko, na huku na huku maji yaliyokuwa yakienda kasi. Wenzake walimwona kutoka ukingoni, wasiweze kumfikia. Wakajaribu kumpelekea kamba, wakashindwa. Mwisho wakafunga mtumbwi kwa kamba za msituni zilizosokotwa, watu wengi wakazishika, kisha wakaulizwa: nani atapanda?

Akatoka Uledi, nahodha wa Lady Alice. Akaukabidhi uhai wake kwa Mungu, akapanda. Kijana Marzouk akamfuata. Mtumbwi ukateremshwa polepole hata karibu na Zaidi, naye akaidaka kamba aliyorushiwa. Mara zile kamba za ukingoni zikakatika. Zaidi akaanguka majini, lakini hakuiachia kamba yake. Uledi na Marzouk wakapata kujishikiza kwenye kijiwe kilichokuwa juu kidogo ya poromoko, wakamvuta mwenzao. Sasa walikuwa watu watatu mwambani, badala ya mmoja. Usiku ukaingia. Hata asubuhi kamba nyingine zikasokotwa na kurushwa mpaka kwao, wakavutwa mmoja mmoja, wote wazima.

Tumkumbuke Uledi wa siku hiyo, kwa kuwa twamkuta tena mbele, katika habari ya namna nyingine.

Chini ya Kisangani mto ni mpole kwa mwendo mrefu sana, mpaka unapopita mahali ulipo mji wa Kinshasa. Hapo waanza mteremko mwingine, ulio mkali kuliko wa kwetu: katika kilomita 350 hivi, mpaka Matadi, maji hushuka kiasi cha mita 270. Huko wasafiri wetu walifiwa sana. Mwisho wa Machi 1877 Kalulu, kijana ambaye Stanley alikuwa amemlea, alizama pamoja na wenzake mtumbwi wao ulipochukuliwa na mkondo.

Tarehe 3 Juni ilikuwa zamu ya Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyebaki pamoja na Stanley. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha, na miguu yake ilikuwa na vidonda, hata hakuweza kutembea. Stanley alikuwa ametangulia kwa nchi kavu. Pocock hakutaka kungoja kuchukuliwa. Alitaka kupita majini, katika poromoko la Massassa. Uledi akaenda kulitazama, akarudi na jibu: halipitiki. Pocock hakukubali. Aliwacheka Uledi na wenzake, akawaambia kwamba wanaogopa kufa. Neno hilo likawachoma. Uledi akasema na wenzake, wakaingia mtumbwini. Wakateremka, mtumbwi ukamezwa. Wengi waliokoka, lakini Pocock, ingawa alikuwa hodari wa kuogelea, alikufa, na watu wengine wawili pamoja naye.

Wasomaji, tulinganishe mambo haya mawili. Huyu Uledi aliyeambiwa kwamba anaogopa kufa ndiye yule aliyepanda mtumbwi wa kamba kwa ajili ya Zaidi. Huko Boyoma alikwenda kwa sababu palikuwa na roho ya mtu ya kuokolewa, na kamba mikononi mwa watu wengi. Huko Massassa alikataa kwa sababu hapakuwa na haja, ila haraka tu. Mara zote mbili alikuwa mtu yule yule, mwenye moyo ule ule na macho yale yale ya kuyasoma maji. Lililopungua Massassa halikuwa ushujaa wake. Lililopungua lilikuwa sikio la kumsikiliza.

Mwezi wa Agosti 1877 waliosalia walifika Boma, na mwezi wa Novemba wakarudishwa Unguja kwa meli, kidogo zaidi ya watu 100. Jina la Stanley likapewa maporomoko na mji. Jina la Uledi halikupewa hata jiwe.

Baadaye wageni wakazidi kuja, maana kituo kilijengwa hapa mwezi wa Desemba 1883. Lakini maporomoko yalikuwa pale pale. Basi waliwategemea wenyeji wake, Wagenia. Hao waliijua mikondo kama mkulima anavyolijua shamba lake. Penye maji ya kupitika walipiga makasia. Pasipopitika waliwashusha abiria na mizigo, watu wakatembea ukingoni. Hakuna aliyewaita waoga. Hata wahandisi wa reli, walipokuja na vipimo vyao, walitoa hukumu ile ile. Hawakujaribu kuushinda mto. Waliuzunguka. Reli ya kilomita 125 hivi, kutoka hapa mpaka Ubundu, ilimalizika mwaka 1906.

Wako wengine waliotaka kuushinda mto wenyewe. Mteremko wa kutisha kuliko yote ni wa Inga, karibu na Matadi, ambapo kila sekunde hupita kwa wastani kiasi cha mita za ujazo 40,000 za maji. Mwaka 1985 Wafaransa na wenzao, watu saba, wakiongozwa na Philippe de Dieuleveult aliyejulikana sana katika televisheni ya kwao, walifika huko kwa mashua za mpira. Wote walipotea, na hata leo watu hubishana juu ya namna walivyokufa. Mwaka 2011 watu wanne, Steve Fisher wa Afrika ya Kusini na wenzake watatu, walipita Inga kwa vimashua vidogo vya mtu mmoja mmoja, wakafika chini wazima. Lakini hao hawakujitupa tu majini. Kwanza waliyachunguza maji kutoka angani kwa helikopta, wakachagua mikondo ya kupita na mikondo ya kuacha. Kwa chombo kipya walifanya kazi ile ile ya Uledi: kutazama kwanza, kisha kusema hapa ndiyo, na hapa siyo.

Nasi tukitaka kuwaona mabingwa wa mteremko wetu, hatuna haja ya kwenda mbali. Twende katika poromoko la saba. Wagenia wamesimamisha nguzo kubwa katika matundu ya mwamba, wakazifunga kwa kamba za msituni, na kutoka juu yake huning'iniza vikapu vipana vya kutegea samaki, mahali maji yanapokwenda kwa nguvu zaidi. Stanley aliikuta mitego ya namna hiyo mwaka 1877, na wajukuu wa watu wale waiweka mpaka leo. Nguzo zinapovunjwa na mafuriko, husimamishwa upya. Mtoto hujifunza kuogelea angali mdogo, na baba humwonyesha mkondo kwa kidole kabla ya kumruhusu kuuingia. Watu hawa hupita katikati ya poromoko kila siku kutafuta chakula, wala hakuna anayewaandika vitabuni kwamba wameteremka.

Jambo hili latuhusu hata sisi tusio wavuvi. Mto wetu bado huchukua watu. Mara nyingi twasikia habari za chombo kilichojazwa kupita kiasi, au kilichotoka usiku, au kilichoingia maji mabaya kwa sababu mwenye safari alikuwa na haraka. Na mara nyingi, tukiuliza vizuri, twaambiwa kwamba alikuwako mtu aliyesema: tusiende. Pengine alikuwa mpiga kasia tu, asiye na cheo, naye alichekwa.

Basi tuwafundishe vijana wetu kisa cha Zaidi na Uledi, wajue kwamba ziko siku za kupanda mtumbwi hata kama kamba ni nyembamba. Lakini tusiache kuwafundisha na kisa cha Massassa. Anayeyajua maji akirudi kutoka ukingoni na kusema kwamba hapapitiki, tushuke, tuchukue mizigo yetu, tutembee. Njia ya msituni ni ndefu, lakini ndiyo iliyowapitisha wale watu wa 1877 katika maporomoko saba ya Boyoma.