NANI MSAFIRISHAJI?

Ndugu mwanachama akituuliza ni nani aipelekaye asali Ulaya, twaweza kumtajia watu wengi. Yuko mwenye lori, yuko wakala wa forodha, yuko aliyeandikiana mkataba na mnunuzi. Na lugha yetu humwita kila mmoja wao msafirishaji. Sheria ya forodha haina ukarimu huo. Hata Ulaya kwenyewe neno hili limesumbua: kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2016 zilimtaka msafirishaji wa kwao awe mwenye mkataba na mpokeaji aliye nje, na mwaka 2018 sharti hilo likalegezwa.

Kwetu jambo hili lina fedha ndani yake. Kahawa mbichi huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru. Lakini ushuru wa kawaida wa asali ni asilimia 17.3, na wa kahawa iliyokaangwa asilimia 7.5. Tangu mwaka 2001 nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zimesamehewa ushuru wa bidhaa zote isipokuwa silaha, mradi asili ya shehena ithibitishwe.

Zamani uthibitisho ulikuwa Fomu A, karatasi iliyopigwa mhuri na mamlaka ya nchi itokayo bidhaa. Aliyeaminiwa ni mwenye mhuri. Tarehe 1 Januari 2017 ukaanza utaratibu mwingine, nchi zikiingia kwa zamu: msafirishaji husajiliwa, hupewa namba, naye mwenyewe huandika tamko la asili juu ya ankara. Shehena isiyozidi yuro 6,000 haihitaji hata namba hiyo. Muda wa mpito, uliosogezwa mbele kwa ajili ya korona, ulikwisha mwishoni mwa 2020.

Ndani ya kanuni hizo mna maneno yafaayo kusomwa mara mbili. Msafirishaji ni yule awezaye kuthibitisha asili ya bidhaa, awe ndiye aliyeizalisha au siye, awe ndiye aliyeshughulikia taratibu za forodha au siye. Basi chama cha ushirika chaweza kumtumia wakala bandarini na bado kikawa ndicho msafirishaji. Vile vile mchuuzi mwenye daftari safi aweza kulichukua jina hilo kwa asali ambayo hakuitundikia mzinga hata mmoja.

Sisi twaiona kanuni hii kuwa ya haki, ingawa ni kali. Daftari lazima lihifadhiwe miaka isiyopungua mitatu, ihesabiwayo tangu mwisho wa mwaka wa tamko. Kwa hiyo karani wa chama cha msingi aandikapo kilo, tarehe na jina la mleta asali, hafanyi hesabu ya malipo tu. Anaandika uthibitisho ambao, siku forodha ya Hamburg au Antwerp itakapouliza, hautapatikana mahali pengine popote.