Minyoo ya tumbo kwa mtoto anayetibiwa kansere

Huku Kivu na Ituri, mtoto kuwa na minyoo si jambo la kushangaza. Lakini kwa mtoto aliyeanza shimioterapi mambo yanabadilika, juu dawa hizo zinapiga kansere na wakati huohuo zinaangusha kinga ya mwili.

Mnyoo wa kuogopa kuliko yote unaitwa strongiloidi. Ni mdogo sana, kama milimeta 2. Hauingilii mdomoni sawa vile askarisi, unatoboa ngozi ya miguu mtoto akikanyaga pekupeku udongo wenye mavi. Tena unaweza kuzaliana ndani ya mtu yuleyule bila kutoka inje, ndiyo maana mtu anaubeba miaka mingi na hasikii kitu, maana mwili unauzuia.

Kisha munganga anaandika prednizoni ao deksametazoni. Ni dawa za lazima kwa kansere ya damu na limfoma nyingi, hakuna wa kuzilaumu. Ila ndizo zinazoufungulia mnyoo huo mlango. Unaongezeka bila mpaka, unafika mapafuni, na unaingiza mikrobe za utumbo ndani ya damu. Mtoto anapata homa kali, anakohoa, anapumua kwa shida. Asipotibiwa haraka, mara nyingi anakufa, na familia inabaki kusema ni kansere ndiyo ilimuua.

Kwa hiyo uchunguzi ni vizuri ufanywe mbele ya kuanza prednizoni. Choo cha siku moja ku labo hakitoshi, juu vitoto vya mnyoo huu havitoki kila siku. Mzazi akiambiwa alete choo mara tatu, asione ni kumsumbua.

Na kidonge cha kampeni ya masomoni? Dozi moja ya albendazoli ao mebendazoli inaondoa askarisi vizuri, lakini kwa strongiloidi haina nguvu ya kutosha. Dawa yake ni ivermektini, ileile Mectizan inayogawiwa juu ya upofu wa mtoni. Hata hiyo isinunuliwe ovyo ku farmasi. Kuna sehemu za Congo, zaidi za msituni, zenye filaria ya Loa loa. Mwenye filaria hiyo nyingi katika damu anaweza kuumia ubongo akimeza ivermektini. Na watoto wasiofika kilo 15 kwa kawaida hawapewi.

Kuna mtego mwingine. Vinkristini, dawa inayotumiwa sana kwa limfoma ya Burkitt, inafunga choo. Askarisi nyingi zikijikusanya, nazo zinaziba utumbo. Ukiangalia tumbo kwa inje, huwezi kutofautisha. Likivimba, mtoto akitapika na choo hakitoki, isingojewe tarehe ya shimio inayofuata.

Upande wa maji, adui ni giardia na kriptosporidi. Hiyo ya pili inaweza kuharisha mtoto wa shimio kwa wiki nyingi, na kloro haiiui vizuri. Moto ndio unaiua: maji yatokote kabisa dakika 1, na huko juu milimani kupita meta 2000, dakika 3.

Mtoto wa shimio akipata homa, anapelekwa hospitali siku ileile, hata kama ni usiku. Na kama amekwisha kupewa dawa ya minyoo, iwe ya farmasi ao ya majani, munganga aambiwe jina lake na siku aliyoimeza.