Nani Atanunua Mama wa Kokoto?

Majumba mengi ya huku kwetu Mbezi Beach, sebuleni utakuta chui wa tingatinga au Wamasai na machweo. Sina ugomvi na chui. Kinachonisumbua ni aliyeanza kumchora.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alikuwa kibarua hasa. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akawa mtumishi wa ndani kwa Mzungu. Alipoanza kuchora mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, alikuwa anauza pale Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mgeni anataka tembo, ndege, chui. Basi mtu aliyeyajua malengelenge ya mkonge akabaki zaidi na wanyama. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Wafuasi wake baadaye walichora hata hospitali na mitaa, lakini anayeuza hadi leo ni mnyama.

Aliyechora watu wa kazi alikuwa msomi. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Makerere na Slade ya London, akafundisha Makerere, na uhuru ulipokuja mwaka 1961 akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Mtu wa suti, yaani. Lakini picha zake ni Wachaga wakilima, wakichuma kahawa, wakikata miti. Ile ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, iko Museum of Modern Art, New York. Watu wake ni wadogo, sura huzitambui, migomba na mlima vimewazidi. Wapo watakaouita udhaifu. Mimi naona ndiyo hoja yake, kwamba kazi ya pamoja haina shujaa. Ila katika nilizoziona hakuna msimamizi, hakuna mzani wa kahawa, hakuna anayedaiwa. Ni kijiji kinachokumbukwa na mtu aliyeondoka.

Gustave Courbet hakuwa na huruma hiyo. Mwaka 1849 huko Ufaransa alichora wapasua mawe wawili, mzee na kijana, kwa ukubwa waliozoea kupewa wafalme na watakatifu. Nguo zimechanika, nyuso zimegeuka. Picha yenyewe iliteketea Ujerumani mwaka 1945.

Wapasua mawe wetu wako Kunduchi Mtongani, si mbali na hapa: akina mama, nyundo mkononi, mtoto kivulini, kokoto zinauzwa kwa ndoo. Zege la mtaa huu limekula kokoto za namna ile, na bado sijakuta ukuta hata mmoja wenye picha yao.

Nikamuuliza mchoraji mmoja pale Mwenge kwa nini. Akacheka. "Kaka, nani atanunua mama wa kokoto?"

Nikamwambia mimi. Akataka nusu ya hela kwanza.