Jotoardhi

Ni maneno joto na ardhi, yameunganishwa bila kiungo, na neno zima hufuata ngeli ya joto: jotoardhi la Olkaria.

Huko, karibu na Naivasha, Kenya inazalisha umeme kwa mvuke wa chini ya ardhi tangu 1981. Sasa jotoardhi huipa nchi karibu asilimia 40 ya umeme wake. Mabomba ya mvuke yamekatiza Hifadhi ya Hell's Gate, na mahali pengine yamepindwa juu kama lango ili twiga wapite. Huo ni uhandisi wa kusifiwa.

Lakini ardhi ina wenyewe. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Wanaouita umeme huu safi wawataje na hao.