Bidhaa ya Ng'ambo na Mnunuzi Asiyeiona

Daktari mmoja wa manowari ya Kimarekani, Ruschenberger kwa jina, aliyeteremka Unguja mwaka 1835, aliandika habari ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa jinsi ilivyofanana na mambo ya maduka ya simu ya mjini kwetu Mombasa. Alisimulia kwamba Waingereza, walipoona kitambaa cha pamba cha Marekani kinavyopendwa na watu wa pwani, walianza kukiiga, wakaipiga nguo yao chapa za Kimarekani ili ipite sokoni kwa jina la mwenzake. Na wenyeji, walipokwisha kuzivaa zote mbili na kujua ipi hudumu na ipi huchanika, waliingiwa na hofu ya kudanganywa hata wakaacha kununua nguo mkononi mwa Mwingereza. Basi bidhaa feki si jambo la jana, wala si la juzi. Wala mnunuzi wa pwani hakuwa mjinga wa kupokea lolote linaloshuka chomboni.

Kitambaa chenyewe ndicho kilichoitwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa katika merikebu za mji wa Salem na kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika kwa muda wa miezi mitatu na zaidi kabla merikebu haijatia nanga mbele ya forodha ya Unguja. Mkataba uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa watakazoteremsha Wamarekani. Na mwaka 1837 akaja konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, mtu ambaye hata baada ya kupewa ukonsuli hakuacha kuuza na kununua, na kwa kadiri nilivyosoma habari zake, sidhani kama yeye mwenyewe aliona mpaka baina ya kazi hizo mbili. Merikebu zilirudi kwao na pembe, sandarusi na ngozi.

Mnunuzi wa merikani, awe mwanamke wa Mrima au Mnyamwezi wa Unyanyembe, hakumjua mfumaji, wala mfumaji hakumjua yeye, na baina yao zilikuwako bahari mbili. Walakini hakuna hata mmoja aliyeinunua nguo hiyo bila ya kuishika kwa mkono wake. Ilipoteremka forodhani iliangaliwa na watu wa Jairam Shivji, Mhindi aliyeikodi forodha ya Seyyid na ambaye Waters hakuweza kufanya tijara ya maana bila ya kupatana naye. Kutoka hapo ikaenda kwa mwenye duka, aliyeikunjua na kuipima uzito kwa kiganja. Kisha ikaenda kwa mwenye msafara, aliyeihesabu majora na doti, akaivuta ncha kwa meno kujua uzi wake. Na mwisho ikamfikia mnunuzi wa bara, ambaye alikuwa mkali kuliko wote waliomtangulia. Kila mmoja katika silsila hiyo alichukua faida yake, nayo bei ikapanda kama ngazi. Lakini kila mmoja aliibeba pia hasara ya nguo mbovu kabla haijamfikia aliye chini yake, kwa kuwa nguo isiyonunuliwa ilibaki mkononi mwake yeye.

Na ukali wa yule wa chini ulipanda ngazi hiyo hiyo hadi juu. Mawakala wa Kimarekani walioketi Unguja waliandikiana na mabwana zao wa Salem barua baada ya barua juu ya upana unaotakiwa na uzito unaokubalika; na kiwanda cha Naumkeag, kampuni iliyoundwa Salem mwaka 1839, kilifuma nguo kwa kulitazama soko hili la kwetu. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, ameonyesha kwa urefu jinsi matakwa ya watu wa Afrika Mashariki yalivyoendesha mitambo ya Salem na ya Bombay, jambo ambalo wengi wetu tuliosomeshwa kwamba sisi ni watu wa kupokea tu hatukulitazamia. Ushanga nao ulikuwa na mambo yake. Burton, msafiri wa Kiingereza aliyepita njia ya bara mwaka 1857, aliandika kwamba ushanga mwekundu wa samesame ulikuwa na jina la pili, kifungamji, kwa jinsi wanawake walivyorukwa na akili kwa ajili yake. Mwenye msafara aliyechukua rangi iliyokwisha kupitwa na wakati, au iliyopendwa katika nchi ya jirani na si katika nchi aliyofikia, alikaa na mizigo yake na njaa yake, hana wa kumlaumu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, merikani ilikatika, na viwanda vya Bombay vikaingia mahali pake. Lakini jina halikukatika. Hata leo ukiingia dukani ukitaka merikani utapewa, na mwenye duka hataona ajabu kwamba nguo hiyo haikuiona Marekani hata siku moja.

Kisha ikaja kanga, na hapo Mombasa ina haki ya kujisifu kidogo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo watu hulijua kwa jina la Abdulla na ambalo alama yake ya «Mali ya Abdulla» imo mpaka leo katika pindo za kanga, lilianzishwa mwaka 1887. Wenye maduka ya namna hiyo waliagiza nguo Manchester, Uholanzi, Bara Hindi na hata Ujapani, na yalikuwa maagizo ya kitu ambacho bado hakijakuwako: mwenye duka alisikiliza wanawake wanasema nini mwaka huo, akachagua nakshi na maneno, akapeleka sampuli ng'ambo, akangoja. Aliyekosea, akaleta maneno yaliyokwisha kuchosha masikio, aliyashusha rafuni kwa bei ya hasara. Na mama zetu walijua siku ya kupita madukani kutafuta kanga zilizoshushwa namna hiyo, wakazinunua kwa kuvaa jikoni. Punguzo, basi, lilikuwa alama ya kosa la mtu fulani, na mnunuzi aliliona kosa lenyewe limetundikwa mbele yake.

Wakati huo safari ilikuwa imekwisha kufupika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kufika Unguja mwaka 1872, na mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ukaunganisha Unguja na Aden kwa chini ya bahari. Katika miaka hiyo hiyo, mbali na pwani yetu, palitokea jambo lililo karibu zaidi na maudhui yangu kuliko meli zote: mwaka 1872, huko Chicago, Aaron Montgomery Ward alichapa karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163, akawapelekea wakulima wa mashambani ili waagize kwa barua, na hoja yake ilikuwa kwamba akimwondoa dalali wa kati, bei itashuka. Ilishuka kweli. Ward alikuwa mwerevu, akatambua kwamba dalali hakuwa mnyonyaji tu bali alikuwa pia ndiye jicho na mkono wa mnunuzi, na kwamba lazima kitu kingine kikae mahali pake. Kwa hiyo mwaka 1875 akatoa ahadi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Ahadi ya namna hiyo hufanya kazi pale gari la moshi linalomletea mkulima mzigo linapoweza kuurudisha wiki ifuatayo.

Miaka ya katikati nitaipita mbio. Biashara ilipofunguliwa Tanzania mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta bidhaa, watu wakamiminika Dubai. Eastleigh ya Nairobi, katika miaka ya mwanzo ya 1990, ikageuza vyumba vya Garissa Lodge kuwa maduka. Na simu za mkononi zilipoenea zilifuata njia hizo hizo, mfukoni na sandukuni, kutoka Dubai na baadaye kutoka Guangzhou, zikiletwa na watu tuliowajua kwa majina na kwa baba zao. Simu ikiharibika siku ya pili, ulikwenda kugonga mlango wa mtu.

Nyaya za intaneti zilipotua Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, na duka la AliExpress likafunguliwa mwaka uliofuata, haja ya mlango huo ikaisha. Tarehe 11 Novemba, ambayo wanafunzi wa Kichina waliifanya siku ya makapera kwa kuwa imeandikwa kwa moja nne zilizosimama peke yake, ilikuwa imekwisha kugeuzwa na Alibaba, tangu mwaka 2009, kuwa siku ya kushusha bei. Na kijana wa Kisauni au wa Tandika akaweza kuagiza simu usiku wa manane, naye amelala kitandani. Watu wengi hustaajabu jinsi kifurushi kinavyoweza kutoka Shenzhen bila nauli, na hudhani muuzaji ni mkarimu. Sababu imo kwa sehemu katika Umoja wa Posta wa Ulimwengu, ulioundwa Berne mwaka 1874: mwanzoni kila posta ilipeleka barua za nchi nyingine bila ya kudai kitu, mkutano wa Tokyo wa mwaka 1969 ukaweka malipo, na baadaye nchi zinazoendelea zikapewa nafuu, na China ikahesabiwa miongoni mwao hata ilipokuwa karakana ya dunia. Marekani ililalamika mpaka viwango vikabadilishwa Geneva mwezi wa Septemba 2019.

Kabla ya hapo simu feki zilikuwa zimejaa kama vile nguo za chapa ya uwongo za mwaka 1835, ila safari hii hukumu haikutolewa na wanunuzi bali na serikali: Kenya ilizizima mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania usiku wa tarehe 16 Juni 2016, kwa kuzitambua kwa tarakimu 15 ambazo kila simu huzaliwa nazo na ambazo hutokea ukibonyeza *#06#. Aliyelala na simu aliamka na kipande cha plastiki.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuyasoma haya yote, na hayakunisaidia. Mwaka mmoja, katika siku hizo za Novemba, mpwa wangu alinionyesha simu iliyoshushwa bei kwa theluthi nzima katika duka moja la ng'ambo, akaniambia, «Mjomba, hii huku huipati,» nami nikatoa fedha. Ilifika baada ya wiki sita. Posta, karani alikata gundi kwa wembe, akakitazama kilichomo, akaandika ushuru, nikalipa. Na kwa kuongeza ushuru huo juu ya bei niliona theluthi yangu imekuwa kama sudusi, walakini nikanyamaza, kwa kuwa simu ilikuwa nzuri, nyembamba, inang'aa kama kijembe kipya. Nyumbani chaja yake ilikuwa na vijino viwili bapa, na tundu la ukutani kwetu lina matundu matatu. Hilo lilikuwa dogo. Nilipoiwasha iliniandikia Kichina, na mpwa wangu alipokwisha kuibembeleza ikakubali lugha nyingine, ikawa barazani hushika mtandao na chumbani hupotea.

Fundi niliyempelekea, kijana mpole mwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango, aliigeuza, akayasoma maandishi ya mgongoni, akanirudishia. «Ami, simu ni orijino, haina kasoro,» akasema. «Lakini imetengenezwa kwa soko la kwao. Masafa ya megahezi 800, ambayo ndiyo hupenya kuta za huku, hii haina. Si ya kutengenezwa, ndivyo ilivyoumbwa.» Nikamwuliza habari ya kuirudisha. Tukapiga hesabu pamoja: nauli ya kuipeleka ilikuwa karibu ya nusu ya bei yake, na muuzaji alikwisha kuandika, kwa adabu nyingi, kwamba bidhaa ilifika kama ilivyoelezwa. Tukayapitia tena maelezo yake, na kweli, masafa yalikuwamo yameorodheshwa, kwa herufi ndogo, chini kabisa, na 800 haikuwamo.

Nikamwuliza yeye vioo na betri zake huagiza wapi, kwa kuwa niliviona vimepangwa nyuma yake, vyote vya Shenzhen. Akacheka. Alisema naye aliwahi kuagiza kwa picha, akaletewa vioo visivyosikia kidole, akaacha. Siku hizi ana mtu Guangzhou, ambaye huenda dukani kwa miguu, huvikusanya vitu vya watu kumi na mbili katika mzigo mmoja wa kargo, na hulipwa kwa kilo na bakshishi juu yake. Akachukua stakabadhi yangu ya posta, akaigeuza, akaandika jina na namba. «Huyu ni kijana wa Kibokoni, nyumba ya tatu kutoka kwetu,» akasema. «Mara nyingine mwambie yeye. Ataiwasha mbele ya macho yake, ayasome masafa, ndipo alipe. Bei itakuwa juu kidogo, ami, lakini mamake yuko hapa hapa.»