Waliomo Ukutani

Gesti za Buseresere hazina mzimu. Zimejengwa juzi: kuta za tofali za saruji, bati la rangi, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, kandambili mbili zinamsubiri mgeni mlangoni. Mji wenyewe, pacha wa Katoro kwenye barabara ya kutoka Geita kwenda Chato, umenenepa kwa fedha ya dhahabu, na nyumba ambayo saruji yake bado inanukia haina wa kuitokea mtu usiku. Kinachonong'onwa hapa si chumba bali mwenye nyumba. Jana alikuwa anasukuma baiskeli, leo ana ghorofa: katoa kafara gani? Wapo watakaosema huo ni umbea wa kijiweni usiofanana hata kidogo na zile hoteli kongwe ambazo watu hulipa kulala wakitarajia kuamshwa na mlango unaojifungua. Mimi naona ni jambo moja lenye umri tofauti. Nong'ono la Buseresere ni mzimu ambao haujapata ukuta wa kutosha.

Ukuta wa kutosha uko Shangani, Unguja. Jumba la Mambo Msiige lilijengwa kabla tu ya mwaka 1850 na tajiri wa Kiarabu, Sheikh Salim bin Harith, na jina lake ni majigambo matupu: haya msithubutu kuyaiga. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikaa humo kuanzia miaka ya 1860, ubalozi wa Uingereza ukafuata, na mwaka 2015 jengo likafunguliwa likiwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Wenyeji wanasimulia kwamba chokaa yake ilikorogwa kwa maelfu ya mayai, na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta ili nyumba isimame. Mayai nayaamini bila taabu, maana mafundi wa chokaa wa nchi nyingi waliyatumia. Lakini tazama hadithi ilivyopanga vitu vyake: mayai na watu kwenye orodha moja ya vifaa vya ujenzi. Mji wa Unguja ulikuwa na soko la watumwa hadi mkataba wa 1873 ulipolifunga, na kazi zake nzito zilibebwa na watu wasiolipwa. Asiyelipwa haandikwi kwenye karatasi ya malipo. Basi waliobaki wakamweka mahali ambapo hawezi kufutwa, ndani ya ukuta wenyewe.

Mwenye kupenda ushahidi ataidai mifupa. Haki yake, ila mifupa isipopatikana kinachoanguka ni dai la mauaji, na swali la kwa nini hadithi ilichukua umbo hilo linabaki palepale. Umbo hilohilo limetokea tena karibu na Buseresere, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kuipisha kampuni ya uchimbaji, na punde yakaibuka madai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa hai ndani ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Serikali na kampuni zilikanusha, na mwaka 2002 uchunguzi wa ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia haukuyaunga mkono. Wanasheria wa mazingira wakaendelea kudai uchunguzi huru. Sina nia ya kuifungua kesi hiyo hapa. Ninachokiona ni kwamba machimbo ya wachimbaji wadogo hayana daftari la mahudhurio. Mwanaapolo, kibarua wa mashimo hayo, hutoka mkoa wowote, hujulikana kwa jina la utani, hulipwa kwa viroba vya mawe, na siku asipoonekana wenzake hudhani kahamia rashi nyingine, machimbo mapya yaliyofumka kwingine. Mahali kama hapo kuthibitisha kwamba mtu yumo chini ni kazi, na kuthibitisha kwamba hayumo ni kazi vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni jingine, nalo silikwepi. Imani ya kwamba mali hununuliwa kwa kiungo cha mtu imeua Kanda ya Ziwa. Watu wenye ualbino wamewindwa tangu miaka ya 2000. Februari 2015 mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa kwao katika wilaya ya Chato, ilipo Buseresere, na kuuawa, wiki chache baada ya serikali kupiga marufuku waganga wa ramli. Je, kuisifu hadithi ya mzimu si kuchochea moto huo? Ingekuwa hivyo kama hadithi zote mbili zingeelekea upande mmoja. Ile ya Shangani inamshtaki mwenye mali. Mganga wa ramli humuuzia mwenye tamaa shtaka hilohilo likiwa limegeuzwa dawa. Anayesema "nyumba hii ina watu ndani" anadai hesabu, na anayemwambia mwenye duara alete kiungo ameshaifunga hesabu. Nakiri kwamba mpaka kati yao ni mwembamba, na vijiweni huvukwa kila siku.

Kwenye meza ya mapokezi ya gesti kuna daftari la wageni, kubwa, kona zimekunjika, kalamu imefungwa kwa uzi. Linauliza jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Kwa wanaapolo wengi, hiyo ndiyo karatasi pekee kwenye machimbo yote iliyowahi kuwauliza.